Mtama Ndani ya Kibuyu

Lalamiko la tatu liliingia kwenye simu ya Milembe siku ya Alhamisi, mikono yake ikiwa imejaa majivu. Alikuwa uani kwake Somanda, hapo Bariadi mjini, akifukiza vibuyu vya maziwa kama mama yake alivyomfundisha: unatumbukiza kaa la moto, unatikisa, unamwaga, unasugua kwa ufito, kisha unarudia mpaka kibuyu kinukie ule moshi unaoyapa maziwa ladha.

Alijipangusa kwenye kanga, akaishika simu mbali na macho, akasoma polepole.

“Muuzaji huyu ni mshirikina. Nilinunua kibuyu cha kusukia maziwa, nikakuta ndani ametia punje za nafaka na kuziba kwa pamba, vitu vya waganga. Familia yangu haijalala usingizi tangu siku hiyo. Kibuyu nimekichoma moto. Nataka hela yangu yote, na muuzaji afungiwe asiendelee kudhuru watu. Violeth, Binza, Maswa.”

Alisoma mara ya kwanza akidhani ujumbe umekosea njia. Aliposoma mara ya pili, damu ilimpanda mpaka masikioni.

“Nimekichoma moto,” akarudia kwa sauti. Kuku waliokuwa karibu wakasogea pembeni.

Kibuyu kile alikipanda mwenyewe, akakichuma, akakiozesha ndani, akakikausha miezi minne darini. Shingoni alikishonea mkanda wa ngozi ya ng'ombe kwa mishono saba, wa mwisho ukirudi nyuma, maana ndivyo alivyoshona tangu usichana. Na mtu amekaa Maswa, mwendo usiofika hata saa moja kwa gari, anaandika kwamba amekichoma kama takataka za pamba baada ya msimu.

Milembe alikuwa akiuza kwenye mnada wa mtandaoni uitwao Dau la Mwisho. Unaweka picha ya kitu chako, watu wanapandishiana bei siku tatu, na muda ukiisha aliye juu ndiye mnunuzi. Hela inakaa kwa wenye mnada siku saba, mpaka mnunuzi akubali kwamba mzigo umefika salama. Mnunuzi akilalamika, hela inazuiwa. Muuzaji akifikisha malalamiko matatu ndani ya mwaka, duka lake linafungwa, na kitambulisho chake hakifungui jingine tena.

Mawili alikuwa nayo tayari. La kwanza lilitoka kwa bwana mmoja wa Dodoma, aliyesema kigoda ni kidogo kuliko kilivyoonekana pichani. Kumbe nyuma ya kigoda alipita mwanambuzi, na yule bwana akadhani ni ndama. La pili ni la mtu aliyedai hakupata mzigo, wakati ofisi ya basi walikuwa na sahihi yake. Wenye mnada wakasema sahihi haisomeki. Mara zote mbili Milembe alinyamaza, akiamini kunyamaza ni hekima. Baadaye akajua kwamba kwa watu wale, aliyenyamaza amekiri.

Kabla ya hapo alikaa sokoni miaka minane, vikapu na vibuyu vikiwa mbele yake juani, watu wakimpita na kumpunguzia bei kana kwamba vitu vile kaviokota barabarani. Kwenye Dau la Mwisho aliitwa Milembe wa Somanda, akawa na nyota mia moja na kumi na mbili. Mama mmoja wa Arusha alimwandikia, “Mikono yako ibarikiwe.” Maneno hayo Milembe aliyanakili kwenye daftari asije akayapoteza. Sasa mwanamke wa Binza alitaka kuyafuta yote kwa uongo wa mistari minne.

Akapiga simu. Alipokea kijana aitwaye Danford, wa kitengo cha malalamiko.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba baba. Nimeitwa mchawi.”

“Nimeliona, mama. Pole. Naomba nikuulize jambo moja. Mtama ulikuwemo, au haukuwemo?”

“Ulikuwemo. Niliutia mwenyewe, kiganja kimoja.”

Danford akavuta pumzi. “Sasa mama, hapo mnunuzi amesema kweli.”

“Amesema nusu. Chombo cha maziwa hakitoki mikononi mwa mtu kikiwa kitupu. Ukikitoa kitupu umemtakia mwenzako njaa. Anayepokea anamwaga zile punje karibu na mlango wa jiko lake, basi. Nimetuma vibuyu arobaini hivyo hivyo. Kuna mmoja hata aliniomba niongeze.”

“Lakini kwenye maelezo ya bidhaa hukuandika kwamba kuna mtama.”

“Mwanangu, wewe ukitaka kumsalimia mtu, unamwandikia kwanza kwamba utamsalimia?”

“Mama,” Danford akasema taratibu, “mfumo wetu hauna sehemu ya salamu.”

Alimweleza kwamba uamuzi ungetoka kesho, saa nane mchana. Kulikuwa na njia mbili tu: mnunuzi afute lalamiko mwenyewe, au muuzaji alete ushahidi kwamba limetungwa. Milembe akauliza mwanamke huyo anakaa wapi hasa.

“Hiyo siruhusiwi kukupa, mama.” Kisha akashusha sauti. “Ila risiti ya mzigo si unayo? Watu huwa wanaisahau, na ina maandishi mengi.”

Milembe akamshukuru. Hata katika hasira ile aliona kwamba kijana amemfungulia mlango bila kuugusa.

Kesho yake asubuhi alijifunga kitenge chake cha kutokea, akachukua kikapu. Kwa kawaida asingeingia nyumba ya mtu bila hata michembe kidogo, vile viazi vikavu alivyokuwa navyo gunia zima ndani. Aliushika mdomo wa gunia, akauachia.

“Leo naenda na kikapu kitupu,” akasema peke yake. “Na ajue maana yake.” Akaweka simu na risiti, basi.

Huko Binza hakupata shida kuipata nyumba. Risiti iliandika jina la duka, na mtu wa kwanza aliyeulizwa alimwonyesha kwa kidole: nyumba ya bati la bluu, mbele kuna kiduka cha sabuni na sukari. Dirishani alikaa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mnene kiasi, wavu wa nywele kichwani, akipima mafuta ya kula kwenye chupa.

“Karibu mama. Nikupe nini?”

“Wewe ndiye Violeth?”

“Ndiye mimi.”

“Mimi ni Milembe wa Somanda. Yule mchawi.”

Mafuta yakamwagika mezani. Violeth aliweka chupa chini, akafuta meza kwa kitambaa, akafuta tena mahali palipokwisha kauka.

“Umepata wapi kwangu?”

“Si nina uchawi? Nimepiga ramli.”

“Mama, sitaki fujo hapa. Lalamiko liko kwa wenye mnada, subiri majibu yao.”

“Wao hawakunitukana. Umenitukana wewe.”

“Nimeandika nilichokiona. Nafaka ndani, pamba juu, kamba imefungwa mafundo. Sisi tumeokoka humu. Ulitaka nifurahi?”

“Umeokoka, na uongo umeokoka nao?”

“Chunga mdomo wako, mama. Mtu mzima hovyo, unasafiri na jua kuja kugombea kibuyu.”

“Nimekuja kugombea jina langu. Kibuyu ulishanunua. Naomba majivu yake.”

“Majivu gani?”

“Uliandika umekichoma. Nionyeshe mahali ulipokichomea. Hata mkanda wa ngozi hauishi wote, huwa unajikunja. Nionyeshe nirudi kwangu.”

“Tulizoa, tukatupa.”

“Wapi?”

“Shimoni.”

“Shimo lipi?”

Violeth akaegemea dirisha, akapunguza sauti, na macho yake yakawa makali zaidi. “Na mimi nikuulize. Mayige ni nani kwako?”

“Mayige yupi?”

“Usijifanye. Yule aliyekuwa ananipandishia dau mpaka saa ya mwisho. Kila nikiweka, anaweka. Ni wewe yule, una simu mbili. Au ni mwanao. Mnakaa huko Bariadi mnatucheka tunavyopandishana kama majogoo.”

“Mayige simjui hata kwa sura. Nilikuwa naangalia kama nyie. Nilifikiri nyote wawili mmerogwa.”

“Umeona? Umesema mwenyewe.”

Mteja mmoja alikuwa amesimama na chupa tupu ya mafuta ya taa, akawasikiliza, akaondoka bila kununua. Violeth alimtazama akienda. “Na wateja unanifukuzia,” akasema. Lakini alipoona Milembe ameshika ukuta kwa sababu ya goti linalomsumbua, alisukuma kigoda kwa mguu kikatokea mlangoni, kivulini. Hakusema “kaa”. Alikisukuma tu kama anayempiga teke mbwa. Milembe alikiona, akaendelea kusimama.

Ndipo wote wawili waliponyamaza wapate pumzi, na katika kimya kile sauti ikatoka nyuma ya nyumba. Chwa-ko, chwa-ko, chwa-ko. Maziwa yakienda na kurudi ndani ya kibuyu.

Violeth alitoka dukani mbio, lakini Milembe alikuwa ameshapinda kona ya nyumba, goti na yote.

Mlangoni pa jiko alikaa bibi mmoja mwembamba kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Kibuyu kilining'inia kwa kamba kwenye boriti ya upenu, naye alikisukuma na kukivuta taratibu, akisikiliza siagi inavyojitenga. Shingoni kilikuwa na mkanda wa ngozi. Milembe hakuhitaji kuhesabu mishono, ila alihesabu. Saba, na wa mwisho umerudi nyuma.

“Mwangaluka mayu,” akasalimia kwa Kisukuma, maana hata kwenye vita mtu mzima husalimiwa.

“Mwangaluka, mayu. Mhola?” bibi akaitikia bila kuacha kusukuma.

“Mhola.”

“Karibu. Violeth, lete kiti, kuna mgeni.”

Violeth alisimama pale konani, kifua kikipanda na kushuka. Hakwenda kuleta kiti.

“Natoka Bariadi,” Milembe akasema. “Hicho kibuyu nilikitengeneza mimi.”

Bibi akakisimamisha kwa viganja viwili kama anayemtuliza mtoto. Uso wake wote ukafunguka. “Ni wewe? Ni wewe uliyeniletea mtama? Huyu mkwe wangu aliniambia. Alikuja nao kiganjani, akasema, ‘Mama, kuna mama wa Bariadi amekuletea salamu ndani ya kibuyu.’ Nikamwambia basi huko bado kuna watu. Ona, nimeumwaga hapo.”

Kando ya mlango wa jiko, kwenye udongo uliolowa maji ya vyombo, mtama ulikuwa umeota. Miche michanga, urefu wa kidole, kama ishirini hivi. Kuizunguka, mtu alikuwa amepanga matawi ya miiba ili kuku wasiidonoe.

“Miiba aliweka yeye,” bibi akasema, akimnyooshea Violeth kidole kwa fahari. “Ilimchoma huyo, lakini hakuacha. Mimi naitwa Ng'washi. Kaa hapa mkekani, usisimame kama mkusanya ushuru.”

Milembe akakaa. Alitazama miche, akatazama miiba, kisha akamtazama Violeth, na Violeth akatazama bati la jirani. Basi Violeth alijua. Alijua tangu alipofungua kibuyu. Alizipeleka punje kwa mama mkwe wake kwa mkono wake mwenyewe na kuziita salamu. Siku saba baadaye akakaa kwenye simu na kuziita uchawi.

“Mama Ng'washi,” Milembe akasema, akichomoa simu kikapuni, “naomba nikupige picha na kibuyu. Na miche yako.”

“Ya kuweka mtandaoni?”

“Ya kuwaonyesha watu wa mnada kwamba kimefika salama.”

Bibi akafurahi, akajifunga kitenge upya, akafuta kinywa kwa ncha yake. Milembe akapiga tatu. Kibuyu kilionekana, mishono ilionekana, na mtama ulionekana.

“Mama,” Violeth akasema kwa sauti kavu, “naomba nizungumze na mgeni kidogo kule mbele.”

Kule mbele alimshika Milembe mkono juu ya kiwiko. Vidole vyake vilikuwa baridi.

“Usimwambie.”

“Nisimwambie nini? Kwamba mkwe wake ni mwizi?”

“Mimi si mwizi. Kibuyu chake cha zamani nilikivunja mimi. Alikuwa nacho tangu anaolewa. Kiliniponyoka nikifagia, akasema ‘haidhuru,’ halafu siku nne hakula vizuri. Ndiyo maana nilipokiona cha kwako nikasema hiki hakinipiti. Sasa huyo Mayige wako akanipandishia mpaka nikaweka hela ya bidhaa za duka. Kasmiri nilimwambia nimekipata kwa bei ya kikapu. Mume wangu ana hesabu, mama. Jumapili anakagua.”

“Kwa hiyo ukaona heri mimi nifungiwe.”

“Sikujua kama unafungiwa moja kwa moja. Niliandika ‘afungiwe’ kwa sababu nilisoma kwa wengine, ukiandika kwa ukali wanakurudishia haraka.”

“Na uchawi je?”

“Ukisema kimepasuka wanataka picha. Ukisema uchawi hawaulizi picha.”

Milembe angeweza kumhurumia, na moyoni kipande kidogo kilikuwa kimeshaanza. Mtu aliyeshindana na mgeni asiyemjua mpaka akamaliza hela ya duka, ili bibi kizee ale chakula chake vizuri, si mtu mbaya wote. Lakini kipande kile hakikutosha kumfanya aache jina lake lifutwe.

“Sikiliza, binti. Ya Kasmiri ni yako na Kasmiri. Mimi nina picha tatu, na saa nane wanaamua. Ama ufute mwenyewe sasa hivi nikiwa nimesimama hapa, ama nizitume. Nikizituma watakufungia wewe, na watapiga simu hapa nyumbani. Atakayeipokea simjui.”

“Unanitisha.”

“Ndiyo.”

Violeth akacheka kicheko kifupi, cha puani. “Na sura yako ya upole.”

“Sura ni ya siku nyingine.”

Akachukua simu yake, akabonyeza kama anayeua mdudu. Mfumo ukamuuliza sababu ya kufuta lalamiko. “Niandike nini?”

“Kweli.”

Akaandika: Nilikosea.

“Ongeza kwamba mtama ni salamu.”

“Mama, usinizidishie.”

“Ongeza.”

Akaongeza, akatuma, akamwonyesha kioo karibu sana na pua. “Umeridhika? Sasa toka kwangu. Ukipita tena hapa, hata chumvi sikuuzii.”

“Ya Bariadi ni nyeupe zaidi,” Milembe akasema.

Akarudi nyuma ya nyumba kuaga, maana asingeweza kuondoka bila kumuaga bibi. Ng'washi alikuwa ameshasimama kwa taabu, akaomba kikapu. Milembe alikishika zaidi.

“Niachie, mama. Hakina kitu.”

“Nimeona hakina kitu. Chepesi mpaka upepo unakichezea.” Alisema hivyo tu, bila lawama, lakini Milembe alisikia uso ukimwaka. Alikuja nacho kitupu makusudi, na aliyetakiwa njaa ile alikuwa huyu.

Ng'washi alijaza dengu, tena zile safi zilizopetwa, mpaka mdomoni. Kisha akamwita Violeth aje afunge kitambaa juu, maana vidole vyake mwenyewe vilikuwa haviwezi tena fundo. Violeth akaja. Alifunga bila kumtazama Milembe, midomo ameibana, lakini alifunga mara mbili, kwa fundo la safari lisilomwaga hata punje. Halafu akakivuta kujaribu.

“Wabeja, mayu,” Milembe akamshukuru bibi. Kwa Violeth hakusema kitu, wala Violeth hakungoja.

Saa nane na dakika tano akiwa bado njiani, simu ililia. Danford aliandika kwamba lalamiko limefutwa na duka liko wazi. Chini yake aliongeza, “Nimefurahi, mama. Bibi yangu naye alikuwa akituma mtama.” Milembe alisoma mara mbili. Kumbe alijua tangu jana.

Saa kumi ikaja taarifa nyingine. Violeth wa Binza ametoa maoni: nyota moja. “Kibuyu kizuri sana. Muuzaji mgomvi.”

Jioni, kabla jua halijazama, Milembe alikaa uani akaandika upya maelezo ya kila kibuyu alichokuwa nacho kwenye mnada. Ilimchukua muda kwa sababu aliandika kwa kidole kimoja. “Ndani mna kiganja cha mtama. Ni salamu. Mwaga karibu na mlango wa jiko. Asiyetaka salamu asiweke dau.”

Alipomaliza akakuta ujumbe wa mtu asiyemfahamu. “Mama, mimi ni Mayige, niko Mwanhuzi. Kibuyu kile kilinipita. Utaniwekea kingine kama kile? Ni cha mke wangu.”

Milembe akaupiga picha ujumbe ule, akautuma kwa namba iliyokuwa kwenye risiti ya Binza, bila neno lolote.

Jibu lilichelewa. Alikuwa ameshaanza kuchambua dengu kwenye ungo lilipoingia.

“Mpandishie bei huyo.”

Hakulijibu. Alichagua kibuyu kimoja chenye tumbo pana, akakinusa ndani, akakirudishia kaa la moto mara moja zaidi.